Goti Langu na Kombe Ambalo Hatukulichukua

Mwanangu Tima,

Salamu nitakupa kesho asubuhi Mwembe Tayari, mkono kwa mkono, basi likinguruma na mamako akikuhesabia mizigo kwa mara ya tano. Kwa hivyo hapa siziandiki.

Mmetoka nyote wawili kwenda Marikiti kutafuta bizari, na ile sufuria ndogo ambayo mamako ameshikilia kwamba huwezi kusoma chuo kikuu bila ya kuwa nayo. Nyumba imenyamaza. Nimekaa dirishani na kalamu ya ghalani, hii hii ninayoandikia magunia kule Mbaraki, na nina muda mpaka mrudi. Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za marafiki, wala za wanaume. Mamako amekwisha kukwambia yote hayo, na la mwisho amelirudia mara nne nikiwa nasikia.

Nataka kukuandikia habari ya goti langu.

Kisa wakijua. Umekisikia tangu ukilala kifuani mwangu. Babako alikuwa nahodha wa timu ya chuo, beki wa kati, akaumia goti wiki tatu kabla ya fainali, akakataa kubaki kitandani, akaingia uwanjani goti limevimba kama fenesi, na chuo kikachukua kombe. Nikifika hapo kwenye kombe ulikuwa ukiligusa goti langu kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu agusaye kitu cha mwenyewe kinachoweza kuvunjika. Mimi nilikuwa nikipenda sana kile kidole.

Kisa hicho si kweli, mwanangu. Goti ni la kweli. Kombe ni la uongo.

Nimeishi na uongo huo bila ya kusumbuka mpaka mwaka jana, siku uliyoanguka. Hukusukumwa na mtu. Uliruka kutia mpira kikapuni, ukashuka, na mguu ukakataa kukupokea. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Niliuona uso wako kabla hujafika chini, na haukuwa uso wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa uso wa mtu ambaye jambo alilolingojea limekuja.

Wamkumbuka yule daktari wa mifupa, yule mama wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, azungumzaye Kiswahili cha Mji wa Kale kuliko mimi. Aliiinua picha ya eksrei mbele ya taa, akatuonyesha ule ufa kwenye mfupa wa muundi, mwembamba kama unywele lakini mrefu.

"Huu si wa leo," akasema. "Tangu lini waumwa?"

"Siumwi sana, daktari."

"Sikukuuliza sana wala kidogo. Nimekuuliza tangu lini."

Ukatazama chini. "Kama miezi miwili."

"Na miezi miwili yote wacheza?"

Ndipo ukainua kichwa, ukamwambia kwa fahari, "Babangu alicheza fainali na goti limekatika, na wakashinda."

Yule mama akanigeukia. Alinitazama usoni, kisha akautazama mguu wangu, vile nilivyokuwa nimeunyoosha mbele kwa sababu kuukunja siwezi. "Na sasa goti li vipi, mzee?" akaniuliza.

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Akaandika alichoandika, hakuuliza tena. Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema, Tima, na wewe umelala juu ya kile kitanda chembamba. Sikusema. Nasema leo, kwa karatasi, kwa kuwa kesho nitaona haya tena.

Kule chuoni bara, nje ya bwalo la kulia, palikuwa na ubao wa matangazo. Kila Ijumaa jioni kocha alibandika orodha ya watakaocheza. Lau ungeniuliza wakati ule afya ni kitu gani, ningekupeleka mbele ya ule ubao. Jina likiwemo, u mzima. Jina lisipokuwemo, u mgonjwa, hata kama wala ukashiba na walala ukaota. Hatukuwa na kipimo kingine. Mmoja wetu alikuwa akitapika kabla ya kila mechi, na sisi tukampa jina la utani kwa kule kutapika kwake. Miaka miwili tulimwita jina lile. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anatapika.

Goti lilikatika mazoezini. Nililisikia, kama kijiti kikavu. Nikasimama, nikasema nimeteleza, nikarudi bwenini nikalifunga kwa kipande cha shuka ndani ya soksi ndefu. Mjini palikuwa na mtu mwenye duka la dawa aliyekuwa akidunga sindano bila ya maswali mengi. Nikaenda mara ya kwanza, nikaenda ya pili, na asubuhi ya fainali nikaenda ya tatu. Goti likafa ganzi. Nilifurahi sana, nikatembea mpaka uwanjani kama bwana harusi. Nilidhani kutosikia maumivu ndiko kupona.

Dakika ya kumi na tano winga wao alinipita kama apitaye nguzo, akafunga. Baadaye kidogo akaja tena. Nikataka kugeuka naye, mwili ukageuka, goti likabaki lilipokuwa. Hilo lilikuwa bao la pili, na mimi nililiona nikiwa chini. Nikatolewa nimebebwa na watu wanne. Tulifungwa matatu kwa bila. Hakukuwa na kombe. Niliporudi Mombasa kwa magongo, babu yako, Mungu amrehemu, alinipokea mlangoni akaniuliza, "Mlishinda?" Nikalitazama goti, nikaona haiwezekani kitu kama hiki kiwe kimeharibika bure. Nikamwambia, "Tulishinda." Tangu hapo nikawa sina njia ya kurudi.

Lakini umesoma kwamba mabao yalikuwa matatu, nami nimekueleza mawili. La tatu ndilo linalonifanya niandike.

Kipa wetu alikuwa akiitwa Karisa, Mgiriama wa Kaloleni, tukilala chumba kimoja. Mrefu, mpole, mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda, na kweli alikuwa akikipiga kanisani kwao. Mwezi mmoja kabla ya fainali alifiwa na mamake. Alikwenda kuzika, akarudi baada ya wiki. Asubuhi nilikuwa nikiamka namkuta amekaa juu ya kitanda chake, glavu mkononi, macho mekundu, na shuka halijakunjuliwa. Nikimwambia, "Twende mazoezini," akiinuka. Basi mimi nikaona yuko sawa.

Ijumaa ile, orodha ilipokwisha kubandikwa, alinifuata kwenye tangi la maji.

"Kepteni," akaniambia, "nisemee kwa kocha. Aniweke nje kesho."

"Waumwa wapi?"

"Siumwi mahali. Sijalala tangu nirudi. Nikisimama golini naona kama mikono yangu iko mbali na mimi."

Nikaikunja suruali, nikaishusha soksi, nikamwonyesha goti langu. Lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. "Unaliona hili?" nikamwambia. "Na mimi nacheza. Wewe huna hata mkwaruzo."

Alilitazama lile goti. Kisha akasema, "Pole sana."

Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Mtu aliyetoka kumzika mamake. Nami nikaipokea pole ile, nikapandisha soksi yangu, nikaenda zangu kula.

Karisa akacheza. Bao la tatu lilikuwa mpira mwepesi, wa kudakwa na mtoto, ukamtoka mikononi. Wanafunzi walimzomea mpaka refa akasimamisha mchezo. Mimi wakati huo nilikuwa njiani kwenda hospitali, niliyasikia baadaye. Niliporuhusiwa kurudi bwenini, kitanda chake kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Hakurudi chuoni tena. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja tu.

Miaka ishirini na mitano, Tima, sikumtafuta. Na miaka sita ya mwisho katika hiyo nilikuwa nikijua alipo. Anakata tiketi za mabasi ya Malindi pale Mwembe Tayari. Nilimwona siku moja kutoka mbali, nikavuka barabara. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita upande wa pili, hata jua likiwa upande huo.

Wiki mbili baada ya wewe kutiwa plasta, nilivuka nikaenda. Aliniona, akainuka, akaitazama miguu yangu kabla ya uso, akavuta kiti akaniwekea.

"Kepteni," akasema. "Bado wachechemea."

Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi tangu nyumbani, yakanipotea, nikabaki na hilo moja. Akamkatia tiketi bibi mmoja wa Kilifi, akamrudishia chenji yake, akamwonyesha basi lake. Ndipo akaniambia, kwa sauti ile ile ya upole, "Kunitia uwanjani hakukunikasirisha. Nyote mlitaka nicheze, hata mimi kwa upande mmoja nilitaka. Lililonikasirisha ni kwamba tulilala chumba kimoja miaka miwili, nikarudi kutoka kuzika, na wewe hukuniuliza hata alikufa na nini."

Nikamuuliza. Nilimuuliza pale pale, makondakta wakipiga kelele za Mtwapa na Kilifi juu ya vichwa vyetu. "Mamako alikufa na nini, Karisa?"

Akaniambia. Aliitwa Kadzo. Alianguka shambani akipalilia mahindi, presha, na jirani aliyemwona alidhani amepumzika. Alikuwa mkali sana, akipenda mzaha, na hakuwahi kumwona mwanawe akidaka mpira hata siku moja. Alinieleza kwa saa nzima, akikatiza kuuza tiketi, akirudi. Baada ya fainali ile yeye alikaa kwao mwaka mmoja na nusu bila ya kugusa mpira, akilima, na dadake akimsindikiza kila wiki kuzungumza na muuguzi mmoja wa zahanati aliyekuwa anajua kusikiliza. Sasa kila Jumapili jioni anawafundisha wasichana wa mtaani kwao kudaka. "Naupenda mpira sasa kuliko zamani," akaniambia. "Zamani ulikuwa ukiniuliza kila siku kama mimi ni mtu. Sasa hauniulizi chochote."

Mara nyingi hukaa ghalani nikilifikiri neno hilo. Mimi nilikuwa nikijibu swali lile la mpira kila siku, na ndivyo nilivyokufundisha wewe ujibu, bila ya kujua nafundisha.

Sasa nifike kwenye gumu. Nimeinuka mara mbili tangu nianze aya hii, nikaenda kunywa maji.

Ngazi za nyumba yetu ni za mbao, na kila mtu wa nyumba hii ana mlio wake. Mamako hupanda kwa haraka na husimama katikati kupumua. Wewe tangu utoto hupanda mbili mbili, na mlango hugonga ukuta. Mwaka jana, siku kumi na nne kabla hujaanguka, nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa, nikasikia mtu akipanda. Hatua moja, kimya, kisha mguu wa pili ukivutwa. Nilishangaa, kwa kuwa huo ni mlio wangu mimi, na mimi nilikuwa nimekaa. Kisha mlango ukafunguka ukaingia wewe, ukacheka, ukasema, "Baba, nina njaa."

Nilijua, Tima. Mtu aliyechechemea miaka ishirini na mitano haulizi huo ni mlio gani. Niliusikia kesho yake, na kesho kutwa. Mamako akaniuliza, "Tima ana nini mguuni?" Nikamjibu, "Uchovu wa mazoezi." Kocha wa chuo kikuu alikuwa anakuja kukutazama baada ya wiki mbili, na mimi nikawa nahesabu siku, nikiomba mguu ustahimili mpaka aje. Sikuomba upone. Niliomba ustahimili.

Daktari alisema lau ungeletwa wakati ule, zingetosha wiki tatu za kupumzika.

Mamako sikumwambia mpaka Alhamisi iliyopita. Hakupiga kelele. Alinyamaza na mimi mpaka Jumamosi, na chakula changu akakiweka mezani bila ya neno. Wewe una haki ya kunyamaza zaidi ya hivyo, na sitakuharakisha.

Mungu si Athumani, yule kocha aliyekuja siku uliyoanguka alirudi ulipopona. Wakumbuka alivyokaa sebuleni kwetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akaiomba barua ya daktari kabla ya kuomba kukuona na mpira. Akauliza walala saa ngapi, wala nini asubuhi, una rafiki gani asiyecheza mpira. Kisha akamuuliza mamako mambo ya kike, nikatoka nje kuyapisha. Nikiwa kizingitini niliudhika kidogo, nikaona yule mama ana udadisi. Sasa naona aibu kwa kuudhika kwangu, kwa sababu sisi wazazi wako tulikuwa hatujakuuliza hata moja katika hayo kwa miaka mingi, tulikuwa tukiuliza mmefunga ngapi.

Lakini yeye ni mmoja, nanyi mtakuwa wengi, na naye ana makombe ya kutafuta. Itafika siku atasahau kuuliza. Siku hiyo mwambie wewe bila ya kuulizwa. Na akija mwenzako akakwambia hana nguvu ya kuingia uwanjani, usimwonyeshe jeraha lako.

Najua ufadhili wa masomo waliokupa umefungamana na mpira. Wewe nawe wajua kwamba twajua, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba utanyamaza kwa ajili yetu kama ulivyonyamaza kwa ajili ya kisa changu. Ukifika mahali mpira na wewe hamwezi kukaa pamoja, uache mpira. Rudi nyumbani hata katikati ya muhula. Hapa hakuna atakayekuuliza kama mlishinda. Tulikuzaa kabla ya kujua kwamba wajua kuruka, na tulikuwa tumekwisha furahi.

Nami mwezi ujao nakwenda kwa daktari yule yule, mamako amenishika mkono. Nimechoka kumwambia alhamdulillahi mtu aliyesomea mifupa.

Nasikia adhana ya alasiri, mtarudi sasa hivi. Nikwambie jambo moja la furaha kabla hamjaingia.

Zile wiki saba za plasta, nilidhani zitakuwa wiki za msiba katika nyumba hii. Ulilia siku tatu. Siku ya nne ukalala mpaka jua likawa utosini, ukaamka ukala mahamri manane kwa mbaazi, mamako akihesabu kwa siri na kunionyesha kwa vidole. Ukaanza kushuka kukaa barazani na wanawake wa mtaa. Ukajifunza mkate wa sinia, ukauunguza, ukaupika tena. Ukawasomesha hesabu watoto wa jirani. Mashavu yakarudi. Jioni moja ukasema nyumba inakubana, tukachukua tuktuk mpaka Mama Ngina, kando ya bahari, wewe na magongo yako, mimi na goti langu. Yule mama muuza mihogo akatuona tunakuja, mmoja akiyumba kulia na mwingine kushoto, akauliza, "Kwani nyinyi mmegongana wenyewe kwa wenyewe?"

Ulicheka mpaka pilipili ikakupanda puani. Ukaniegemea, ukashindwa kusimama, ukakaa chini kwenye ukuta na machozi yakikutoka, na mimi nikabaki nimeshika magongo yako na mihogo yote miwili. Ulipotulia ukawatazama watu waliokuwa wakipita, wazee na watoto na vijana wawili wawili, ukasema, "Baba, sikujua watu huwa wengi hivi huku saa hizi."

Umezaliwa Mombasa, na hukujua, kwa sababu tangu miaka kumi na miwili saa hizo huwa uko mazoezini.

Mfupa wako ulikuwa na ufa siku hiyo, na plasta imekufika gotini. Nilikutazama ukila muhogo wako, nikafikiri moyoni kwamba mwanangu ni mzima, na kwamba ni muda mrefu sijamwona hivi. Nenda ukacheze, Tima, ukacheze sana, maana wapenda na wajua. Na nikikupigia simu nikakuuliza u hali gani, nipe habari za yule msichana aliyekaa ukutani. Za mpira nitazisikia kwa watu.

Mlango wa chini umefunguka. Mnapanda, na mmoja wenu anapanda mbili mbili.

Babako